Papa Aliyeijua Injini Yangu

Siku mshipi utakapokulegea mkononi ghafla, na samaki uliyeshindana naye robo saa nzima akawa mwepesi kama kandambili, usimwambie mgeni wako kwamba samaki amekatika. Mwambie ukweli, ameibiwa. Kisha vuta kilichobaki kwa utulivu. Mara nyingi kitakuwa kichwa, na kichwa hicho kitakufundisha mengi ukikitazama kabla ya kukitupa.

Nawaandikia nyinyi mnaozishika sasa zile boti za faiba zinazotoka pwani ya Azaiba, hapa Maskati, na kuwapeleka watu kuvua kwa kujifurahisha. Mimi niliifanya kazi hiyo mpaka magoti yakanikatalia. Sasa nipo Ghubra kwa binti yangu, nakunywa kahawa saa ambazo wenzangu wapo kazini, na kila kijana anayekuja kunisalimia huniuliza jambo lile lile: Ami Hemedi, papa tumfanye nini? Nimechoka kulijibu mlangoni, mtu ameshavua kiatu kimoja na kingine bado. Nalijibu hapa.

Kwanza kabisa, mheshimuni. Kitazameni vizuri kile kichwa. Mkato umepita nyuma ya mapezi, mmoja tu, na ndoana imebaki pale pale mdomoni, haikuguswa. Mnyama huyo hana mikono, anakwenda mbio ndani ya maji yaliyochafuka kwa povu, na bado anajua pa kuuma na pa kuacha. Mimi nimefanya kazi na watu wazima wenye mikono miwili waliojichoma ndoana boti ikiwa imefungwa gatini. Tangu kichwa cha kwanza nilichokiona nilimvulia kofia papa, na sijaivaa tena.

Aliyenifundisha kazi ni Ami Suudi, Mungu amrehemu, mwenyeji wa Azaiba tangu ilipokuwa na nyumba za kuhesabika. Alinisemesha Kiarabu, nami nikimjibu kwa Kiarabu changu chenye ladha ya Unguja nilikozaliwa, naye akicheka mpaka anakohoa. Alikuwa na adabu moja ambayo hakuilegeza hata siku ya mvua: samaki hafiki pwani na matumbo yake. Pwani ni baraza ya watu, alikuwa akisema, watoto wanacheza mpira pale, wanawake wanapita wakitembea alasiri, na mvuvi anayewaachia nzi mbele ya milango yao hana haki ya kusalimiwa. Kwa hiyo tulisafisha samaki baharini. Alinionyesha namna ya kuingiza kisu tumboni kwa ncha tu bila ya kutoboa nyongo, kidole kikakokota kila kitu kwa mara moja, na magamba yakaondoka kuanzia mkiani. Baada ya mwaka nilikuwa na kasi kuliko yeye, naye alijivunia hilo mbele ya watu.

Nilipopewa boti yangu niliichukua adabu ile nzima nzima. Kulikuwa na mwamba mmoja chini ya maji, mwendo wa nusu saa kutoka Azaiba, wenye nguru na kolekole wazuri. Tulianza siku pale, na tulipokuwa tunarudi nilipunguza injini pale pale, nikaingurumisha mara mbili fupi ili boti isimame kinyume na mkondo, nikaizima, nikaenda nyuma na kisu. Matumbo yalikwenda majini. Wageni walifurahi sana, kwa sababu mtu alirudi nyumbani na samaki tayari kwa chungu na mke hakuwa na la kusema. Mwamba ule tuliuita Jikoni. Nauandika ujinga wangu kwa mkono wangu mwenyewe: niliupa jina hilo na bado sikuelewa.

Basi msimu mmoja akaanza kuja papa mmoja mkubwa, mwenye pezi la mgongoni lililokatika pembe ya juu kama tiketi iliyokwisha kukaguliwa. Alichukua nguru wa kwanza, tukasema bahati mbaya. Alichukua wa pili na wa tatu. Kufikia mwezi wa pili ilikuwa hakuna samaki anayepandishwa mzima Jikoni kabla yeye hajachukua lake. Tulimwita Mudir, kwa sababu katika ofisi nyingi za hapa mudir ndiye mkubwa, na mkubwa hula mwanzo bila ya kushika kazi. Jina lilimkaa vizuri kuliko wakubwa wengi ninaowajua.

Nilijaribu kila kitu. Niligonga ubavu wa boti kwa nyundo mpaka mgeni mmoja akaumwa kichwa, na Mudir alipita chini yetu taratibu kama anayepita mbele ya nyumba yenye harusi. Mhandisi mmoja wa Ghubra alileta sumaku, akaapa kwamba papa hazipendi, akazifunga juu ya ndoana. Sumaku zikagandana na nanga, mishipi ikasokotana, tukakaa saa nzima tukifumua. Tulipomaliza na kutupa tena, Mudir alichukua samaki pamoja na sumaku moja, na hakuirudisha. Bibi mmoja aliyefuatana na mumewe alishauri pilipili ya unga ndani ya kitambaa. Hiyo ilitutoa machozi sisi sote tuliokuwa upande wa upepo.

Mwenye boti alikuwa Bwana Nassor, mtu wa serikalini, mpole, ambaye Jumamosi alikuwa anakuja mwenyewe na fimbo zake za kuvulia. Alivumilia. Lakini wageni walianza kuhamia boti nyingine, na yeye mwenyewe alirudi kwa mkewe na vichwa vitano mfululizo. Alhamisi moja akaniita, akanionyesha waya mnene wa chuma wa mita kadhaa, ndoana kubwa kuliko kiganja changu, na boya. Akaniambia Jumamosi tutakwenda Jikoni kumtoa Mudir, nyama tutagawana, na iliyobaki itakaushwa. Nami sitawadanganya, papa mkavu kwa tui la nazi nampenda tangu utoto, na mtu aliyekulia Unguja akianza kujidai hapendi, msimsadiki. Nilimwambia vizuri, Bwana Nassor. Hata nilimshauri chambo cha kutumia.

Sasa nimtaje Wekesa. Huyu alikuwa mwenzangu botini, Mkenya wa Bungoma, mtu mzima mwenye mke na watoto kwao, fundi wa injini na mkono wa kuume wa kila kazi. Alikuja Maskati kuosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Ruwi, akakaa miaka jikoni, ndipo akapata kazi kwetu. Kanisa lao husali Ijumaa kama sisi, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, kwa hiyo Ijumaa hatukuwa na safari, asubuhi tulikuwa tunaosha boti kabla ya kila mmoja kwenda zake. Ijumaa ile, waya wa Bwana Nassor umelala kati yetu, Wekesa aliacha kusugua akauliza kama anaweza kusema kitu.

"Mzee, usikasirike," akasema. "Pale Ruwi kulikuwa na paka kama ishirini. Takataka ilikuwa inanuka siku mzima, na hawakuwa wanakuja. Lakini nikifungua ule mlango wa nyuma ukilia, wote wako hapo. Walikuwa wanakuja juu ya sauti ya mlango, si harufu. Mimi naona hii injini yako iko na mlango wake."

Nilikasirika, ingawa alikwisha kuniomba nisikasirike. Nilimuuliza kama Bungoma kuna bahari.

"Hakuna, mzee," akasema. "Kuna paka."

Nikaondoka bila ya kumuaga. Lakini sikuweza kula. Mke wangu aliniuliza mara mbili wali una nini. Nilikuwa najiona ninavyosimama Jikoni: ngurumo mbili fupi, kimya, kisu, matumbo. Ngurumo mbili fupi, kimya, kisu, matumbo. Miaka mingapi? Alasiri ile ile, baada ya kanisa lake, nilimfuata Wekesa nikamwambia twende, sisi wawili tu, bila ya chambo, bila ya ndoana, bila hata kipande cha mkate.

Tulifika jua bado lina nguvu. Kwanza nilizima injini mbali na mwamba, tukauachia mkondo utubebe mpaka juu yake. Tukakaa. Maji yalikuwa safi, tuliona mpaka chini. Kolekole walipita, kasa akapita, Wekesa akaimba nusu ya wimbo wao wa kanisani, na Mudir hakutokea. Kisha tukarudi mbali, nikaja upya kwa desturi yangu. Nikaingurumisha injini mara mbili fupi, nikazima.

Sikupata hata muda wa kukaa. Alitoka upande wa kusini, juu ya maji, pezi lile lenye pengo likija moja kwa moja bila ya kuyumba. Hakuzunguka boti kama papa anayetafuta. Alikuja nyuma, upande wa kulia, pale pale ninaposimama na kisu, akalala ubavu kidogo akatazama juu. Akangoja. Jicho lake niliwahi kuliona kabla ya hapo, lakini siku hiyo ndiyo nililielewa. Alikuwa ameitwa, amekuja, na ananiuliza mbona leo sina kitu.

Wekesa akageuka akaanza kukunja kamba isiyohitaji kukunjwa, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nizikwe. Mimi nilikuwa nimemshitaki mnyama yule kwa Bwana Nassor, nimemshauri mpaka chambo cha kumwulia, na kumbe kila siku nilikuwa nampigia kengele ya chakula. Na wale nguru waliokuwa wakipapatika kwenye mishipi yetu asubuhi, yeye angejuaje kwamba hawamo kwenye karamu? Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utoto. Na katikati ya aibu ile, wallahi, nilimstaajabia. Boti ngapi zilipita pale kwa siku, na yeye aliichagua yangu kwa sauti.

Jumamosi asubuhi Bwana Nassor alikuja na shemeji yake, mtu wa maneno mengi, na kisu kipya cha kuchunia. Nilingoja tuwe tumetoka pwani kidogo ndipo nikapunguza mwendo. Nahodha akishasema mbele ya wageni kwamba khasara ya msimu mzima ameileta yeye, hajui atashuka pwani akiwa na kazi au hana. Lakini nilijua pia kwamba nikinyamaza, mchana Mudir atakuwa ananing'inia mbele ya macho yangu, na mimi ndiye nitakayempasua.

"Bwana Nassor, nna neno," nikasema. "Papa huyu nimemfuga mimi."

Nikamweleza yote, adabu ya Ami Suudi, ngurumo mbili, matumbo, paka wa Wekesa, na alasiri ya jana. Shemeji alicheka mpaka akashika ukingo wa boti. Bwana Nassor hakucheka.

"Kwa hivyo papa hana kosa?"

"Kosa lake kunisikiliza mimi. Ukimtoa huyu, ntamfundisha mwengine. Atakuja tu."

Aliuzungushazungusha ule waya mkononi. Kisha akasema leo hatutakwenda Jikoni. Tutakwenda ninapotaka mimi, tutavua ninavyotaka mimi. Samaki mmoja akipanda mzima, waya hautaguswa. Kikipanda kichwa, tutakwenda Jikoni na hataki kusikia neno.

Niliwapeleka kwenye maji ya kina, mbali zaidi. Nilizima injini mapema, tukaelea, hatukutupa hata ganda la chungwa. Tulikaa sana. Shemeji alianza kusema kwamba bora angekwenda kazini, na ilikuwa Jumamosi, siku ofisi zimefungwa. Ndipo fimbo ya Bwana Nassor ikainama mpaka majini, na kwa namna mshipi ulivyokata maji nikajua ni jodari, tena mkubwa. Alipigana naye vizuri. Alimleta mpaka tukauona ubavu wake unang'ara chini yetu, na nyuma ya ubavu ule nikaona kivuli kirefu kinapanda. Hakuwa Mudir, alikuwa papa mwengine mwembamba, mgeni asiyetujua. Bahari haikosi wenyewe.

Shemeji alipiga kelele vuta, vuta. Na hapa vijana ndipo nataka msome taratibu, kwa sababu kila mtu duniani atakwambia uvute. Samaki anayevutwa amegeuzwa kichwa kuelekea kwako, hawezi kuogelea, umemshikia mwizi mikono yake. Nilimwambia Bwana Nassor amwachie. Afungue kabisa kigurudumu cha mshipi, kidole gumba kiwe juu kidogo tu mshipi usijisokote, amwache jodari aende.

Alinitazama. Alikuwa na samaki wake wa kwanza baada ya miezi, yupo mita chache kutoka kwenye mkono wake, na anayemwambia amwachie ni mtu aliyekiri muda mfupi uliopita kwamba ndiye aliyemharibia msimu. Nilidhani atanitukana. Akafungua.

Mshipi uliondoka kwa mlio ambao bado nausikia. Jodari alipata kugeuza kichwa chake, akanyooka, na papa nyuma yake, vivuli viwili vikapotea kwenye bluu. Mshipi ukaenda, ukaenda, kigurudumu kikaanza kuonyesha chuma chake cha ndani. Kisha ukapunguza, ukasimama. Nikamwambia Bwana Nassor auguse, aukaze kidogo kidogo. Akaukaza. Upande wa pili ukamjibu, mzito, hai, una hasira. Jodari alikuwa amemkimbia papa kwa nguvu zake mwenyewe, nasi kazi yetu ilikuwa kumwondokea njiani tu.

Alipanda mzima. Wekesa alimtia kulabu, tukamlaza sakafuni, na Bwana Nassor akakaa karibu yake kama mtu aliyefika nyumbani. Hakunisifu, hakunilaumu. Alimkabidhi Wekesa ule waya akamwambia autafutie kazi nyingine.

Wekesa aliutafutia. Alitengeneza mshikio wa ndoo kubwa yenye kifuniko, na tangu siku ile matumbo yote yalirudi pwani ndani ya ndoo hiyo, kifuniko kimefungwa. Adabu ya Ami Suudi sikuivunja, hakuna nzi aliyefika barazani kwa mtu. Nilikuwa nayazika chini ya mndimu wa jirani yangu, kwa ruhusa yake. Wageni walilalamikia harufu njiani, nikawa nawapelekea ndimu msimu ukifika, wakanyamaza.

Mengine mnayajua au mtayajua. Mkiibiwa mara moja, hameni mahali, msingoje mara ya pili kwa ubishi. Mshipi uwe mnene ili samaki asikae muda mrefu majini akiita watu. Zimeni injini mapema, na msije mahali pamoja kwa sauti ile ile kila siku. Na wakija pomboo kwenye samaki wenu, kunjeni mishipi mwende zenu, pomboo ana akili kuliko wageni wenu wote na anaweza kuumia na ndoana.

Mudir hakuacha mara moja. Kwa miezi mingi nikipita Jikoni alikuwa anakuja nyuma, kulia, anangoja, nami nampita bila ya kumtazama. Ilikuwa inaniuma, siwafichi. Mtu akikuzoea halafu ukamgeuzia mgongo, hata kama ni papa, unajisikia mbaya. Kidogo kidogo akawa anachelewa. Kisha akawa anakuja siku moja anaacha nyingi. Kisha nikawa simwoni.

Siku yangu ya mwisho kazini, miaka mingi baadaye, Bwana Nassor alitupa boti mimi na Wekesa twende tutakako. Nikamwomba Wekesa tupite Jikoni. Kulikuwa na jua zuri na maji yametulia. Nilishika usukani mwenyewe. Niliingurumisha injini mara mbili fupi, nikaizima, nikaenda nyuma upande wa kulia nikasimama mikono mitupu.

Tulikaa. Kisha nikaliona pezi, mbali kidogo, upande wa kusini, lenye pengo lile lile juu. Alikuwa hai, amenenepa. Alikuwa anakata maji kwenda zake, na alipita mbele yetu toka mwanzo mpaka mwisho bila ya kugeuka.

"Mzee," akasema Wekesa, "amekusahau."

Nikamwambia ndiyo, alhamdulillahi, amenisahau. Nikabaki nimesimama pale pale nyuma mpaka pezi likapotea, na Wekesa, Mungu ampe kheri, akaenda kuiwasha injini polepole bila ya kuniita.